Barua Mbili kwa Mheshimiwa Mwenyekiti

Wasomaji kadhaa wamemwandikia mhariri wakiuliza kama uso wangu umepona. Umepona. Roho ndiyo bado, na ndiyo maana naendelea kuungama.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana: mimi ni Wachuka, miaka kumi na sita, mwanafunzi wa shule ya bweni. Ili niukwepe mtihani wa hesabu nilijisugua uso kwa thabai, yale majani ya kuwasha yanayoota nyuma ya kila jiko, nikatokwa na vipele vya kupendeza. Mwalimu mkuu aliona ndui. Nikarudishwa Nakuru, nyumba za reli, kwa baba mdogo Ephantus Waithaka na mkewe Wamuyu. Bwana Afya akaja na baiskeli, akanitazama kwa mbali, akagongomea karatasi ya manjano mlangoni. Mtu asiingie, mtu asitoke, siku kumi na sita.

Karatasi hiyo ilimkuta mama mdogo kizingitini, kitambaa kichwani, sanduku mkononi. Alikuwa anarudi kwa baba yake Molo, na hakuwa na nia ya kurudi.

Ugomvi wao ulikuwa wa kuku.

Mama mdogo alikuwa na kuku. Sitasema wangapi, maana husoma gazeti hili. Kwetu kiumbe chenye uhai hakihesabiwi kwa kidole, awe ng'ombe, mtoto au kuku. Unawajua kwa rangi na tabia zao, na mmoja akikosekana unaona pengo. Lakini baba mdogo ni karani wa mizigo stesheni. Kutwa anahesabu magunia. Jumapili moja alisimama bandani akainua kidole, akahesabu kuku kwa sauti mpaka wa mwisho. Kufikia Jumatano walikuwa wamekufa wote isipokuwa jogoo.

"Umewaua kwa kidole," mama mdogo akasema.

Baba mdogo, aliyefika darasa la nane na anayewacheka wanaoogopa bundi, akainamisha kichwa. "Ni kweli. Nilikosa."

Hapo ndipo mama mdogo alipoanza kupanga nguo sandukuni. Niliposimuliwa hayo sikuelewa. Mtu akikubali kosa, sanduku la nini?

Lakini nilielewa kitu kimoja vizuri sana. Babu yangu wa Subukia alikuwa ameshatoa hukumu: siku Wamuyu akiondoka, Wachuka atatolewa shule aje ampikie baba yake mdogo. Baba yangu mzazi yuko mbali kwa sababu ambazo si za gazeti hili, kwa hiyo sikuwa na pa kukata rufaa. Na kibali cha mama mdogo cha kusafiri kwenda Molo, chenye muhuri wa serikali, ambacho bila hicho watu wetu siku hizi hawapandi gari, kilikuwa kinaisha jioni ya siku ileile ambayo karatasi ya manjano ingebanduliwa. Kama asingeondoka siku hiyo, asingeondoka upesi.

Kwa hiyo nilikuwa na siku kumi na sita za kuokoa ndoa ya watu wawili wasiosemezana.

"Wachuka, mwambie baba yako mdogo chai iko mezani."

Baba mdogo alikuwa ameketi hatua mbili kutoka hapo. "Mwambie mama yako mdogo nimeiona."

"Mwambie kuiona si kuinywa."

"Mwambie bado ni moto."

"Mwambie kuna vitu vingine hapa ndani vimepoa zamani."

Nilikuwa mgonjwa wa ndui, nikageuzwa simu. Siku ya tatu sauti ilinikauka, na hapo ndipo alipozaliwa Mheshimiwa Zeddy Gachanja.

Alizaliwa chini ya blanketi langu, akiwa mtu mzima, mwenye miwani na kitambi. Karatasi nilitoa kwenye daftari la hesabu. Stempu niliibandua kwenye barua kuukuu, na muhuri wa posta nikauchora kwa masizi na kizibo cha chupa. Kimutai, askari wa Bwana Afya aliyetulinda, alikuwa akiacha mkate, maziwa na barua juu ya jiwe chini ya dirisha langu. Barua za kutoka nazo ziliwekwa hapohapo. Yaani posta yote ya nyumba ilipita mkononi mwangu, jambo ambalo Bwana Afya alipaswa kulifikiria.

Barua ilisema:

"Kwa Bwana E. Waithaka na Bibi. Baraza la Mafumbo la Bonde la Ufa limesikia kwa masikitiko kuwa mmefungiwa. Baraza huchagua nyumba chache zenye akili na kuzipima. Mkifumbua mafumbo yote mtapewa cheti chenye muhuri mwekundu. Sharti ni moja: kila jibu litiwe sahihi mbili, ya mume na ya mke. Jibu la sahihi moja litatumika kuwashia moto wa chai ya Baraza. Wenu katika fikra, Zeddy Gachanja, Mwenyekiti."

Baba mdogo aliisoma akiwa amesimama. Muhuri mwekundu ulimwingia kama homa.

"Wachuka, muulize mama yako mdogo kama anamjua mtu anayeitwa Gachanja."

"Mwambie namjua Gachanja wa kinu cha Njoro, na huyo hata jina lake hawezi kuandika."

"Muulize wametupataje."

"Labda waliuliza stesheni karani mwenye akili ni nani," nikasema kwa sauti ya mgonjwa.

Baba mdogo aliona kwamba hilo ni jambo linalowezekana kabisa.

Fumbo la kwanza lilikuwa hili. Birika lina vikombe vinane vya maji. Kuna jagi la vikombe vitano na mkebe wa vikombe vitatu. Gawanyeni maji nusu kwa nusu, bila chombo kingine.

Baba mdogo alijaza kurasa tatu kwa penseli yake ya zambarau, ile ya stesheni isiyofutika. Akajumlisha, akatoa, akalamba penseli mpaka ulimi ukawa wa zambarau pia. "Haigawiki," akatangaza.

"Mwambie aandike hivyo na atie sahihi yake peke yake," mama mdogo akasema. Akainuka, akaweka birika, jagi na mkebe mezani, akaanza kumimina.

Alimimina kama mtu aliyekua akipima maziwa, bila karatasi. Birika likajaza jagi. Jagi likajaza mkebe. Mkebe ukarudi birikani. Maji yaliyobaki ya jagi yakaingia mkebeni. Hapo akakwama, jagi tupu mkononi.

Baba mdogo alikuwa amesogeza kiti bila kujua. "Jaza jagi tena," akasema. "Mkebe una viwili. Umebakiza nafasi ya kikombe kimoja tu."

Mama mdogo akamtazama. Akajaza jagi. "Kwa hiyo nikiujaza mkebe, jagi litabaki na vinne."

"Usimwage."

"Sijamwaga."

"Sikusema umemwaga. Nimesema usimwage."

"Mkono wangu unaonekana wa kumwaga?"

"Unaonekana unatetemeka."

"Unatetemeka kwa sababu kuna mtu ananipumulia shingoni."

Maneno hayo yote yalipita moja kwa moja, bila simu. Mgonjwa alijifunika blanketi akacheka mpaka vipele vikamuuma.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi kuliko Mwenyekiti alivyotarajia. Fumbo la mtu mwenye chui, mbuzi na majani anayevuka mto lilichukua asubuhi moja, na jioni ikaisha kwa mama mdogo kuuliza mtu mwenye akili ananunua chui wa nini. Alitaka jibu rasmi. Mwenyekiti alilazimika kuandika kuomba radhi kwa ajili ya chui. Fumbo la konokono anayepanda kisima mchana na kuteleza usiku lilichukua Jumamosi nzima, kwa sababu baba mdogo alishikilia kwamba konokono hateremki akilala, na mama mdogo akasema karani wa reli hajawahi kumwona konokono amelala.

Adero, jirani yetu, ambaye mumewe ni mchochea makaa kwenye garimoshi, aliita kutoka upande wa pili wa ua. "Wamuyu, bado mko hai humo?"

"Tuko kisimani," mama mdogo akajibu. "Tumebakiza futi tatu."

Adero alimwambia Kimutai kwamba ndui sasa imepanda kichwani.

Lakini sanduku lilikuwa bado kizingitini. Mama mdogo alifagia akilizunguka kila asubuhi, na hakuligusa.

Siku ya kumi na moja Mwenyekiti akafanya kosa. Aliandika: "Mzee mmoja ana binti sita. Kila binti ana kaka mmoja. Watoto wa mzee huyu ni wangapi?"

"Kumi na wawili," baba mdogo akasema mara moja, na kidole chake kikainuka.

Mama mdogo akaweka kikombe chini. "Teremsha kidole."

"Ni watoto wa karatasi, Wamuyu."

"Na kuku ulianza hivyohivyo. Huyu Mwenyekiti wako hana adabu. Watoto wa watu wanahesabiwa kama magunia?"

Nikaona simu inaanza kutafutwa tena, na Mwenyekiti akatokwa na jasho.

Baba mdogo akaenda jikoni. Akarudi na ngumi mbili zimefumbwa. "Haya si watoto," akasema. "Ni maharagwe."

Akapanga maharagwe meupe mstari mmoja, moja baada ya jingine, mdomo umefungwa, asitaje namba hata moja. Nilijua ilimuuma. Karani kupanga vitu bila kutaja namba ni kama kasisi kula bila kusali. Kisha chini ya kila harage jeupe akaweka jeusi. "Kila mmoja na kaka yake."

Mama mdogo akatazama mstari ule, akaanza kutikisika mabega. Alikuwa anacheka. "Kila msichana umempa kaka wake peke yake? Mama yao alipumzika lini? Kaka ni mmoja, Waithaka. Wanamgawana. Mimi na dada zangu tulimgawana Kahiga, na akatutosha mpaka akatuchosha."

Akaokota meusi yote, akabakiza moja.

Baba mdogo alikodoa macho. "Ala."

"Ndiyo, ala."

"Sasa tuandike nini? Ukiandika namba umehesabu."

Wakafikiri, vichwa vimekaribiana juu ya meza. "Hatuandiki," mama mdogo akasema. "Tunabandika."

Wakapika uji mzito, wakabandika maharagwe kwenye karatasi, wakatia sahihi mbili chini yake. Mwenyekiti alipokea jibu hilo akiwa chini ya blanketi, nalo bado lina joto. Yalikuwa saba. Nahesabu maharagwe, mama mdogo, si watoto.

Na juu ya jiwe, mchana huohuo, kulikuwa na barua nyingine mbili kwa Mwenyekiti. Kila moja imekunjwa mara nne. Kila moja imeandikwa Siri.

Mtu mwema angezirudisha. Nilianza na ile ya zambarau.

"Mheshimiwa, wewe ni mtu wa kufumbua. Mke wangu anaamini kuku wake walikufa kwa kuhesabiwa, nami nimekubali kosa hilo. Kweli ni hii. Behewa la mahindi ya mbegu lilimwagika stesheni. Nikazoa ya sakafuni, nikayaleta nyumbani ili nimfurahishe. Niliwahesabu kuku nijue kila mmoja nimgawie kiasi gani. Mahindi yalikuwa mekundu. Wekundu ule ulikuwa dawa ya wadudu, yaani sumu. Nilikuwa nimeona ni mekundu, nikawapa tu. Nikisema kweli, nitakuwa nimeua kuku wa mke wangu kwa mahindi ambayo si yangu, na hilo likijulikana kazi yangu imekwisha. Nishauri. Usimwambie mtu."

Nikafungua ya pili, ya wino wangu wa shule.

"Bwana Gachanja, sikujui, na ndiyo sababu nakuambia. Nilipompasua kuku wa kwanza nilikuta mahindi mekundu kwenye firigisi. Mimi ni mtoto wa shamba. Mbegu ya dawa naijua. Nilimwambia mume wangu amewaua kwa kidole ili anicheke, akatae, aseme kweli. Badala yake akainama akakubali. Kuku nitafuga wengine. Naondoka kwa sababu aliona ni afadhali mimi niwe mjinga kuliko yeye awe mkosaji. Akisema mwenyewe, kwa mdomo wake, kabla sijavuka kizingiti, nitafungua sanduku. Usimwambie neno. Akiambiwa, hatakuwa yeye aliyesema."

Nilizisoma mara mbili. Sikucheka.

Mafumbo yote niliyowapa yalikuwa na majibu nyuma ya daftari. Hili halikuwa nayo. Nilikuwa na jibu la kila mmoja mkononi, na kila mmoja alikuwa ameniapisha nisimpe mwenzake. Kama Wachuka, sikuruhusiwa hata kujua. Kama Mwenyekiti, sikuwapo.

Mwenyekiti alimwandikia baba mdogo neno moja: "Mwambie."

Baba mdogo alilisoma, akalitia mfukoni, akaenda kupiga viatu rangi. Kesho yake akajibu: "Nimwambie lini?"

"Leo."

"Leo ana nguo nyingi za kufua."

"Kesho basi."

"Kesho mvua inaonekana itanyesha."

Tulibishana hivyo kwa siku nne, mimi na mtu aliyekaa chumba cha pili. Viatu vyake viling'aa kuliko wakati wowote wa ndoa yao. Jioni moja alifika mpaka mlango wa jiko, akasema, "Wamuyu," akasimama. Mama mdogo akageuka polepole, kijiko mkononi, akangoja kwa uso ambao sijawahi kuuona kwake. "Chumvi imezidi kidogo," baba mdogo akasema. Mama mdogo akageukia sufuria.

Asubuhi ya siku ya kumi na sita alivaa kitambaa cha safari. Gari la Molo lilikuwa linaondoka saa saba. Mwenyekiti akachukua makasi.

Nilizikata barua zote mbili vipande vipande, nikavichanganya, nikaviweka kwenye bahasha. "Fumbo la mwisho. Unganisheni." Nilijiambia kwamba sijafichua siri ya mtu. Nimeharibu karatasi tu.

"Haya, la mwisho," baba mdogo akasema, akamwaga vipande mezani. Mama mdogo akaketi na kitambaa chake. Nadhani alitaka kile cheti wasikikose. "Tuanze na kingo."

"Hiki kina kingo. Na hiki."

"Hiki kina rangi ya zambarau."

"Hiki ni wino wa..."

Mikono yao ikasimama pamoja.

Mama mdogo ndiye aliyewahi. Alifagia vipande vyote kwa mkono mmoja mpaka kwenye aproni yake. "Fumbo hili lina makosa," akasema. Lakini kipande kimoja kilibaki chini ya kiganja cha baba mdogo, naye hakuinua kiganja.

Akanitazama mama mdogo. Akanitazama baba mdogo. Tangu kuku wafe hawakuwa wamekubaliana jambo upesi namna hiyo.

"Wachuka," mama mdogo akasema, "Mwenyekiti ana umri gani?"

"Kumi na sita," nikasema.

"Tutaonana na Mwenyekiti baadaye," akasema. Akamgeukia mumewe. "Na wewe, uliyoyaandika sitayasoma. Karatasi inabeba chochote."

Mlango ukagongwa. "Hodi," sauti ya Kimutai ikasema. "Bwana Afya amefika kuwafungulia."

Mama mdogo akavua aproni, akaikunja na vipande vyote ndani yake, akainua sanduku. Nje misumari ilianza kulia ikitoka kwenye mbao.

Baba mdogo alisoma kipande kilichokuwa chini ya kiganja chake. Nilikuwa nimekikata mwenyewe, nilijua kimeandikwa nini. *Kwa mdomo wake, kabla sijavuka.*

"Wamuyu," akasema. "Kuna..."

"Kuna nini?"

Baba mdogo akatazama pembeni mwa mlango. "Kuna mwavuli. Molo kuna mvua."

Mama mdogo akauchukua mwavuli.

Msomaji, hapo sikufikiri. Kufikiri kulikuwa kumenifikisha hapo. Nilipita dirishani, nikaangukia thabai ya nyuma ya jiko kwa mikono miwili, nikajisugua mashavu, paji na shingo, nikarudi kwa njia ileile na kutokea sebuleni nikiwa nimewiva kama nyanya. Mlango ulikuwa wazi. Bwana Afya alikuwa na karatasi ya manjano mkononi, Kimutai ana nyundo, na mama mdogo mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje.

Bwana Afya aliniona. Akarudi nyuma hatua tatu.

"Kimutai," akasema, "irudishe karatasi."

Siku nyingine kumi na sita. Kibali kingekufa, gari lingeondoka, sanduku lingebaki. Nilikuwa nimewakatia uongo, nimeushona, nimeupiga pasi. Ilibaki mtu wa kuuvaa.

"Nani mwenye nyumba?" Bwana Afya akauliza. "Mimi nilikuja kufunga kazi hii. Huyu mtoto vipele hivi vimemtoka lini?"

Baba mdogo akanitazama. Aliona uso wangu, akaona na jani lililonasa kwenye nywele zangu. Nilimwomba kwa macho. Neno moja tu, "jana", na mke wake hangekwenda popote.

Akamtazama mama mdogo. Mama mdogo hakumsaidia. Alisimama na sanduku lake, akangoja.

"Si ndui," baba mdogo akasema.

Nikafa hapohapo.

"Ni thabai," akaendelea. "Jani liko kwenye nywele zake. Hata ile ya kwanza sasa naona ilikuwa thabai. Na kuku hawakufa kwa kidole."

"Kuku gani?" Bwana Afya akauliza.

"Mahindi yalikuwa mekundu." Baba mdogo alikuwa akizungumza na vifungo vya koti la Bwana Afya. "Yalimwagika stesheni, nikayazoa. Niliona ni mekundu nikawapa, nikaona wanakufa, nikanyamaza. Nilipoambiwa ni kidole nikasema ni kidole. Nilishukuru kuwa ni kidole."

Kimutai alikuwa ameinua nyundo, na hakuna aliyemwambia aiteremshe.

"Umemwambia Bwana Afya," mama mdogo akasema. "Yeye hakuwa na kuku."

Baba mdogo akageuka. Akasema yote tena, kuanzia kwenye behewa, akimtazama machoni, na safari hii sauti ilimkatika katikati na hakuisingizia chai ya moto.

Mama mdogo akaurudisha ndani mguu uliokuwa nje. Akaweka sanduku chini, upande wetu.

Nilianza kupumua, na bila shaka niliharakisha.

Bwana Afya alikuwa ametoa kitabu chake kidogo. "Mahindi ya mbegu," akasema akiandika. "Ya stesheni." Akaandika tena. Kisha akanisogelea bila woga wowote, akachomoa lile jani kwenye nywele zangu kwa vidole viwili, akalitazama. Niliona vidole vyake vinaanza kuwasha. Alivikuna kwenye suruali, taratibu.

"Siku kumi na sita," akasema. "Askari mmoja. Ripoti tatu kwa wakubwa wangu. Kwa jani." Akatutazama mmoja mmoja, karani, mke wa karani, mgonjwa. "Sanduku hilo ni la nani?"

"Langu," mama mdogo akasema.

"Limefungwa?"

"Limefungwa."

"Msilifungue. Kuna mtu wa nyumba hii atakayelihitaji leo, akienda nami kituo cha polisi. Sijaamua ni nani."

"Basi amua," mama mdogo akasema, akalikalia.